Siku Mtani Wangu Aliponiamkia

Kliniki yetu ya kisukari hapa Songea huanza kwa kucheka. Sifanyi mzaha. Mnafika asubuhi na tumbo tupu, baridi ya mwezi wa saba imewaingia mpaka kwenye mifupa, mnajipanga kwenye mabenchi kila mtu na kadi yake mkononi, halafu nesi mmoja kijana anasimama mbele yenu anapiga makofi. "Haya mama zangu, baba zangu, simameni! Mikono juu! Tunacheka sasa. Ha-ha-ha! Ho-ho-ho!" Na sisi, wazee wazima na heshima zetu, wengine na mikongojo, tunasimama tunasema ha-ha-ha, ho-ho-ho, kama watoto wa chekechea.

Simlaumu yule binti. Ana uso mzuri na moyo mzuri zaidi. Alituelezea vizuri kwamba mtu akijaza mawazo kichwani sukari hupanda, na akicheka mwili unalegea na sukari nayo hutulia. Akasema pia, na alirudia mara nyingi, kwamba kicheko hakichukui nafasi ya dawa, wala ya kupunguza ugali, wala ya kukagua miguu yako kila siku kabla ya kulala. "Hata kama hujisikii kucheka, we igiza tu," alisema. "Mwili hautajua tofauti."

Mwili wangu unajua tofauti. Nimeuigizia kwa mdomo mara nyingi na unajua. Mzee mmoja wa pembeni yangu alikuwa anacheka machozi yanamtoka, na hayakuwa ya furaha, maana alikuwa ametoka kumzika mkewe. Hicho si kicheko, ni mdomo kufunguka na kujifunga. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nacho kicheko chenyewe, kile cha kweli, kinachokukamata tumboni ukaomba msamaha. Nilikuwa nakipata bure kila siku ya Mungu, kwa mtu mmoja tu. Mguu wangu wa kulia ulishakatwa na kuzikwa na nimeshaukubali. Ninachokililia mpaka leo ni kile kicheko.

Huyo mtu ni mtani wangu. Mimi ni Mngoni, yeye ni Mbena wa Njombe. Babu zetu walipigana, wakachinjana, wakaibiana ng'ombe, halafu walipochoka wakatuachia sisi matusi ya kutaniana. Asiyeujua utani atashangaa. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Anaweza kukuvua kofia njiani akaondoka nayo. Humshtaki popote, hununi, hudai. Kati ya watani hakuna samahani na hakuna asante. Na la muhimu kuliko yote, maneno ya mtani hayawekwi moyoni. Hata akikwambia una sura ya nyani, unacheka, unatafuta lako la kumrudishia, mnaendelea na kazi. Ndivyo tulivyolelewa, na mtoto anayenuna kwa utani huchapwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za nusu ya watoto wa mji huu. Kibaraza changu kiko karibu na soko, na mbele ya kibaraza hicho hicho mtani wangu anatandika turubai lake na kupanga mafungu ya viazi vinavyoshushwa kutoka kwao Njombe. Tumekaa hivyo mpaka watu wakadhani tumeolewa nyumba moja.

Salamu yetu haikuwahi kuwa salamu. Mimi ndiye mkubwa, kwa haki angetakiwa kuniamkia shikamoo, lakini shikamoo ni ya watu wanaoheshimiana. Yeye alikuwa akinikuta nafungua mlango anapiga kelele soko zima lisikie: "Eeh, kumbe umeamka! Nimekuja na sanda bure!" Nami namjibu: "Wewe umeoga lini? Au bado mnasubiri maji ya Njombe yayeyuke?" Wapita njia wanasimama. Yeye anaendelea: "Mlikimbizwa huko Afrika Kusini mkakimbia mpaka mkachoka, ndiyo maana mkaishia Songea. Mngejua kulima msingekuwa mnakula viazi vyangu." Nami napita mbele ya turubai lake nainama, nachukua kiazi kimoja kikubwa, nakitia mfukoni mwa gauni mbele ya macho yake. Hapo ndipo alipokuwa akinimaliza. Alikuwa anashika kichwa, anapiga ukunga: "Mwiziii! Jamani Wangoni wameanza vita! Fungeni ng'ombe!" Wateja walikuwa wakicheka mpaka wanasahau walichokuja kununua. Kiazi sikurudisha hata siku moja, na yeye hakukidai hata siku moja.

Hata msiba wa mume wangu ulipita kwa sababu yake. Marehemu alikuwa mtu mrefu, mkali kidogo, mwenye kikohozi cha sigara na koti moja la kijivu ambalo hakulivua hata juani. Siku ya mazishi nilikuwa nimekauka, sili, silii, wanawake wamenimwagia maji usoni mara ngapi sijui. Mara namwona marehemu anatoka chumbani. Koti lake, kofia yake, fimbo yake, anakohoa kikohozi chake. "Mwanamke! Chai yangu iko wapi? Watu wote hawa wamekuja kula nini kwangu?" Alikuwa mtani wangu, na alikwenda vile vile mpaka kaburini, akajilaza pembeni ya shimo akapima kwa mikono: "Mfupi huu! Huyu mrefu mkimtia hapa miguu itabaki nje, mnataka ajikwae nani?" Hakutaka kutoka mpaka alipoahidiwa kuku. Padri mwenyewe aligeuza uso. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini kwenye udongo, na katikati ya kile kicheko ndipo kilio changu kilipotoka chote. Jioni nikala. Huyo ndiye daktari wangu wa kwanza wa kicheko, kabla ya semina ya mtu yeyote.

Halafu nikapatikana na sukari. Nilianza kwa kiu isiyoisha na macho kuona ukungu kwenye tundu la sindano, na fundi asiyeona tundu la sindano ana nini tena. Pale waliponiambia hospitalini ni kisukari, kitu cha kwanza nilichopoteza hakikuwa afya, ni watu. Hawakunikimbia, la. Walikuwa wastaarabu. Binti yangu mmoja niliyebaki naye nyumbani, mtaa wa Bombambili, alianza kuninong'onea kama niko kwenye jeneza. "Mama umekunywa dawa? Mama usibebe ndoo. Mama usikasirike." Ugali wangu ukawa wa kukatwa kwa kijiko. Majirani wakifika wanasema pole, wanainamisha vichwa, wanaanza kusimulia nani kafa na sukari, nani kapofuka. Alipoambiwa kwamba kicheko kinasaidia, binti yangu akaanza kuniwekea vichekesho kwenye simu baada ya chakula. Watu wanaanguka kwenye matope, wanavaa magauni, wanapigana na sufuria. Anakaa pembeni ananitazama usoni kuona kama nacheka. Nikicheka anafurahi kama nimemeza kidonge.

Mtani hakunipa pole. Alipopata habari alikuja mbio na kikombe chake cha chai ya rangi, akaniambia: "Sukari imepanda bei dukani, tia kidole hapa ukoroge." Soko likapasuka. "Na ukienda chooni uniite nije na ndoo, nitapika uji wa sherehe." Nilicheka mpaka mkasi ukanidondoka. Nikamwambia viazi vyake ndivyo vilivyoniua, kwamba Wabena walishindwa vita wakaona watuue kwa wanga. Tangu siku ile hakuna jina baya la utamu ambalo hakuniita. Nzi akitua kwenye meza yangu alikuwa anamwamkia: "Karibu mgeni, umefika mwenyewe kwenye asali."

Na niseme nilichokiona kwa macho yangu. Kile kimashine cha kutoboa kidole hakijui kujipendekeza. Siku nilizoshinda nyumbani nikitunzwa, namba ilikaa juu. Siku nilizoshinda kibarazani nikitukanwa, namba ilishuka ikawa ya watu. Labda ni kwa sababu nilikuwa nakanyaga cherehani, labda ni kwa sababu nilisahau kula vitafunwa. Lakini mimi nilijua ni Mbena. Nilimwambia nesi kwamba kicheko chake nilikuwa nacho tayari kwa dozi kubwa, akafurahi, akaniambia nisiache.

Sasa kidonda. Cherehani yangu ni ya miguu, pedali ya chuma, na mguu wa kulia ndio unaofanya kazi kubwa. Kiatu changu cha kazini kilikuwa kimechakaa, msumari mdogo ukajitokeza ndani ya soli. Mtu mwingine angeruka siku ya kwanza. Mimi mguu ulikuwa umeshakufa ganzi, nikaukanyagia ule msumari sijui muda gani, wala sikujua. Nilipovua kiatu jioni moja nikaona soksi imeshikana na ngozi. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikapaka mafuta, nikavaa soksi nyingine. Hakiumi, nikasema, kisichouma si ugonjwa. Ujinga wa kisukari ndio huo, kinakunyang'anya maumivu halafu unashukuru.

Wa kwanza kujua alikuwa mtani wangu. Pua yake haina adabu. Asubuhi moja alisimama katikati ya mafungu yake ya viazi, akanusa huku, akanusa kule, akamuuliza muuza nyanya: "Nani kaficha panya aliyekufa hapa?" Akaja akinusa mpaka kibarazani, akapiga magoti mbele ya cherehani yangu, akaziba pua kwa khanga. "Jamani, ni huyu Mngoni! Mguu unanuka kama dagaa wa Nyasa walionyeshewa mvua!" Watu walikufa kwa kicheko. Muuza nyanya alijishika mbavu. Na mimi nilicheka kuliko wote, maana lilikuwa tusi zuri, lilikuwa na ladha, na lilinistahili. Nikamrushia: "Hiyo ni harufu ya vita, ninyi Wabena mmeisahau kwa sababu mlikuwa mnakimbia!"

Kesho yake akarudia. "Mngoni, nenda ukaonyeshe huo mguu kabla fisi hawajaufuata." Tukacheka. Siku nyingine tena: "Wakikukata, mguu usiuzike, niletee nitie shambani kama mbolea, viazi vya mwakani vitakuwa na miguu." Tukacheka mno. Alikuwa akisema, na kila akisema anazidisha, na kila akizidisha sisi tunazidi kuvunjika mbavu. Nikiyakumbuka sasa macho yake, yalikuwa yameacha kucheka siku nyingi. Lakini nani huangalia macho ya mtani? Lisemwalo lipo, walisema wahenga, na wahenga hao hao ndio waliotufundisha kwamba mtani hasemi kitu.

Wakati huo namba yangu ilikuwa inapanda. Kidonda kikioza sukari hupaa, hilo nimekuja kulijua baadaye. Mimi nilidhani nimepunguza kucheka! Wallahi, ndivyo nilivyodhani, na mimi Mkatoliki naapa kama Mwislamu kwa hasira nilizo nazo. Kwa hiyo nikaongeza kicheko. Nilikuwa nawahi kibarazani ili nitukanwe mapema. Nilikuwa nikimchokoza mwenyewe: "Mbena, leo mguu wangu hujauona?" ili anitukane mguu, ili nicheke, ili sukari ishuke. Kliniki nako mwezi ule tulicheka ha-ha-ha, ho-ho-ho, na foleni ya kuvua viatu ili miguu ikaguliwe ilikuwa ndefu, na nilikuwa na sare za watu za kumalizia. Nikaondoka bila kuonyesha mguu, nikijisikia nimeshatibiwa.

Ilikuwa siku ya soko kubwa. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, mwili unachemka, naona kama kitambaa kinaelea. Mtani wangu akaja. Hakupiga kelele. Alikuwa amejifunga khanga vizuri, amefunika kichwa kama anakwenda msibani. Akasimama mbele ya meza yangu, akainama kidogo, akakunja mikono.

"Shikamoo dada," akasema.

Nilicheka. Nikajiandaa kwa tusi, nikajua leo kalitengeneza kubwa, kalipamba mpaka na shikamoo. Nikasubiri. Muuza nyanya naye akageuka kusubiri, tabasamu limemkaa tayari. Mtani akaendelea kusimama.

"Shikamoo dada," akarudia. "Nakuomba. Twende hospitali."

Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Daktari angeniambia nina saa moja ya kuishi, ningebishana naye. Padri angekuja na mafuta matakatifu, ningemwambia amekosea nyumba. Lakini mtani wangu ameniamkia! Nikautazama mguu wangu kwa mara ya kwanza kama mtu anavyotazama kitu cha mtu mwingine, nikaona soksi imelowa mpaka kifundoni na rangi yake siyo. Nikasikia na ile harufu. Nilikuwa nimeambiwa kila siku na ilikuwa bado haijanifika puani.

"Marahaba," nikamjibu. Ndiyo mara ya kwanza kumjibu hivyo.

Aliacha viazi vyake wazi, bila mtu, akaita bajaji, akanishika kiunoni. Njia nzima hakusema neno. Nilimchokoza, nikamwambia Mbena ukinishika hivyo watu watadhani umeniteka, leo zamu yenu. Alinifuta jasho kwa ncha ya khanga yake.

Madaktari walifanya walichoweza. Walisema kama ningewahi, ingekuwa kidole, au labda hata kidole kisingekatwa. Sasa sumu ilikuwa inapanda, wakate chini ya goti au wanipoteze. Binti yangu aliweka sahihi akilia. Mimi niliona taa, nikaona watu wamevaa kijani, nikaamka mwepesi upande mmoja.

Nilipoanza kupata fahamu, kabla sijaweza kufungua macho vizuri, niliwasikia. Binti yangu na mtani wangu walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa kitanda, na mimi katikati.

"Ulikuwa unaona, mama mdogo," binti yangu alikuwa anasema. Alikuwa anajizuia asipige kelele wodini. "Kila siku ulikuwa unaona. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mwanangu."

"Ulisema unacheka!"

"Nilisema."

"Watu wote wanasema ulikuwa unacheka. Umemchekea mama mpaka mguu umeoza. Utani wako ndio uliomkata mama mguu."

Nikamsikia mtani wangu anavuta pumzi.

"Ningesemaje, mwanangu?" akasema. "Mimi kwa mama yako sina mdomo mwingine."

Nilitaka kuamka. Nilitaka kumwambia binti yangu afunge bakuli lake, kwamba huyu ndiye pekee aliyeninusa, kwamba yeye na vichekesho vyake vya simu alikuwa ananitazama usoni tu, hakuniangalia miguuni. Nilitaka kusema kwamba yeye amelelewa hapa hapa na anajua neno la mtani huwa halipokelewi. Dawa ya usingizi ilikuwa imenishika ulimi. Nilipofanikiwa kufungua macho, mtani alikuwa ameshaondoka, na pale alipokuwa amesimama kulikuwa na mfuko wa machungwa.

Alikuja tena, na tena. Mtani anapokwenda kumwona mtani wake hospitalini inatakiwa wodi isilale. Angekuwa yule ninayemjua angechukua kile kiatu changu kimoja kilichobaki na kukipiga mnada kitandani hapo hapo. Angelala kwenye nafasi ya mguu wangu akasema nimempa pa kulala. Nilikuwa nimemtayarishia hata majibu. Badala yake alikuwa anakaa kwenye ukingo wa benchi, mikono magotini, ananiuliza: "Umelalaje dada? Umekula dada?" Na akitaka kuondoka: "Mungu akupe nafuu." Wagonjwa wenzangu waliniambia nina jirani mstaarabu sana.

Nilirudi nyumbani. Nilimwambia binti yangu yote niliyotaka kumwambia siku ile, na mengine zaidi. Alilia, akaenda sokoni kumwomba mtani msamaha. Mtani akampokea vizuri, akamwambia hakuna neno. Wakakumbatiana, nasikia. Lakini msamaha hauombwi kwa mtani! Nani aliwahi kusikia? Ukimwomba msamaha mtani umeshamwambia kwamba maneno yake yalikuwa maneno. Binti yangu alikwenda kurekebisha, akapigilia msumari.

Kliniki nimerudi pia, na magongo yangu. Nesi aliponiona alijiziba mdomo. Siku hizi kabla ya ha-ha-ha anamvua kila mtu viatu kwanza, mwenyewe, anapiga magoti chini anatazama katikati ya vidole. Hilo ni zuri. Halafu tunacheka. Mimi nacheka nimekaa, nikiegemea ukuta, naigiza kama nilivyofundishwa. Na namba yangu iko juu, haitaki kushuka na dawa nakunywa zote. Daktari ananiuliza kama nina msongo wa mawazo. Nimwambie nini? Nimwambie kuna Mbena amekuwa na adabu?

Maana nilipopata nguvu ya kurudi kibarazani, nilirudi kwa ajili hiyo tu. Cherehani yangu sasa imefungwa mota, sina haja ya pedali, ila inakimbia kuliko mkono wangu na sijaizoea. Asubuhi ile ya kwanza nilisimama mbele ya mlango na magongo yangu, nikasubiri. Vijana wa mikokoteni walisema, "Shikamoo mama, pole mama." Muuza nyanya aliinamisha macho. Mtani wangu alisimama kutoka kwenye turubai lake.

"Shikamoo dada," akasema. "Karibu tena. Tulikukumbuka."

Nikamchokoza. Nilimchokoza siku ile, na siku zilizofuata, bila haya. "Mbena, umeoga leo?" Anatabasamu: "Nimeoga dada." Nikamwambia, "Mwenzio nimepungua uzito, mguu mzima, wewe bado mnene." Machozi yakamlenga. Nikamwambia ule mguu kwa nini hukuuchukua ukautia shambani kama ulivyoahidi, na hapo akageuza uso akaanza kupanga viazi vilivyokuwa vimepangwa tayari. Watu wakanitazama mimi kama niliyemkosea.

Jana nikasema basi, liwalo na liwe. Niliacha gongo moja ukutani, nikajikongoja na lingine mpaka mbele ya turubai lake. Wateja walikuwepo wengi. Nikainama, na kuinama kwangu siku hizi ni kazi, nikachagua kiazi kikubwa kuliko vyote kwenye fungu, nikakiinua juu ili akione, ili wote wakione, nikakitia mfukoni mwa gauni langu. Halafu nikasimama pale. Nilikuwa nimeshika mfuko wangu kwa mkono mmoja. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, piga ukunga. Sema mwizi. Niite jina lolote unalotaka, Mbena wewe, niite kilema.

Alinitazama. Aliutazama upande wa gauni langu unaoning'inia bila mguu. Kisha akachukua mfuko wa plastiki, akatia viazi vizuri vizuri, akachagua visivyo na doa, akaufunga kwa fundo, akazunguka turubai akaja kunitundika mkononi.

"Chukua na hivi, dada," akasema. "Utapika na wajukuu."

"Asante," nikamwambia.